Maji ya Namba Tisa

Hamjambo nyote, na mtulie kidogo jamani, hata wewe unayetafuna, tafuna polepole, kwa sababu kuna mama amepiga magoti hapa kando ya shimo la maji machafu na anahesabu, na mtu akihesabu hasemeshwi... kumi na saba, kumi na nane, mfuniko ukishafunguliwa unahesabu mpaka sitini ndipo unainamisha kichwa, hewa mbaya itoke kwanza, ndivyo alivyofundishwa siku ya kwanza na miaka sita hii hajaruka hata moja, kumi na tisa, ishirini, na magoti yanauma, zege ya barabara ina baridi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa ambayo mtaa mzima unaamka na kuingia chooni, ndiyo saa nzuri ya kuchota, mtaalamu wa maabara anasema maji ya saa hii ndiyo yanayosema kweli, yakichelewa yanachanganyika na ya kufulia na ya kuoshea vyombo yanakuwa maji ya maneno mengi, ishirini na moja, na chupa iko mkononi, tupu, na kibandiko kiko juu yake kimeandikwa NAMBA TISA, na anakisoma, hawezi kutokisoma, hilo ndilo tatizo la kujua kusoma, jicho likishajifunza halina breki, linasoma hata usipolituma, linasoma mabango, linasoma mifuko ya unga, linasoma kuta za vyoo vya stendi, mungu wangu watu wanaandika nini kwenye vyoo vile, miaka hamsini na tatu alipita pale akidhani ni mapambo... ishirini na ngapi sasa?

"Shangazi, umechota?"

Huyo ni Mtaimbo, mwenzake wa kazi, jina lake halisi lipo kwenye daftari la mahudhurio lakini hakuna anayelitumia, anaitwa Mtaimbo kwa sababu ya chuma anachofungulia mifuniko, na yeye anamwita Shangazi ingawa hawana undugu, anasema mashangazi zake wote ni wakali kwa hiyo ikabidi.

"Bado. Nahesabu."

"Sitini gani hiyo haiishi? Ungekuwa benki wangekufukuza."

Anacheka peke yake, ameegemea mlango wa gari, simu mkononi, na sanduku la barafu liko wazi nyuma yake na chupa nane zimepangwa ndani, Namba Moja mpaka Namba Nane, bado hii tu, na hii ikiingia leo habari imekwisha, ni Jumatano ya mwisho, baada ya hapo mtaalamu anajumlisha, anachora mstari wake, anaamua, basi anza upya, moja, mbili, tatu, polepole, hakuna anayekufukuza, nne... hatua themanini kutoka hapa kuna mlango wa bluu na huo mlango ni wake, ameutoka alfajiri, ameufunga taratibu asimwamshe mume wake, ingawa anajua hakuwa amelala, mtu wa kulala hapumui vile, mtu wa kulala hajizuii, na yeye akasema "Natoka," kwa sauti ya chini, na hivyo ndivyo wanavyoagana siku hizi, yeye anauaga ukuta na ukuta unamwitikia kwa heshima zake. Sita, saba.

Kwenye mtaa huu nyumba ishirini na tatu zinamwaga maji yake humu, kwenye Namba Tisa, na wala hafichi, zamani alikuwa anaona fahari, anawaambia majirani jamani mimi nawajua kuliko mnavyojijua, maana maji machafu hayana aibu, mtu anaweza kukudanganya usoni, akamdanganya daktari, akamdanganya mke, lakini akishaenda chooni ameshatoa ushahidi, ugonjwa wa kuhara wa mwaka juzi ulionekana humu siku tano kabla mtoto wa kwanza hajapelekwa hospitali, na mama mwenye mapacha pale kona alimkumbatia siku ile hadharani, akasema Mama Chupa umetuokolea watoto, na yeye akanuka wiki nzima harufu ya sifa. Nane, tisa. Lakini wakati huo alikuwa hajui kusoma. Alikuwa anajua rangi, kibandiko chekundu shimo hili, cha njano shimo lile, anachota, anabandika, anapeleka, yanayotoka huko maabara yanabandikwa ukutani karatasi kwa karatasi na yeye anapita mbele yake kama ng'ombe anavyopita mbele ya bango la bucha.

Aliyemfundisha ni mume wake, huyo wa mlango wa bluu. Alikuwa fundi wa mapaa, mrefu, mwenye utani, akiwa juu ya nyumba ya mtu anawatania wapita njia mpaka wanasahau wanakoenda, akaanguka, mwaka wa nne sasa, mgongo ukavunjika mahali, hospitali miezi miwili, akarudi nyumbani na fimbo na vidonge, na watoto wao wawili wameshaondoka zamani, wanapiga simu Jumapili, mnaendeleaje, tunaendelea, basi haya, na nyumba ikawa ya watu wawili wanaosikilizana vijiko, ndipo siku moja akasema, mimi kukaa bure nitaoza, lete daftari nikufundishe, na yeye akaguna, mimi na uzee huu, mti mkavu haukunjwi, na mume akasema wewe si mti, wewe ni mke wangu, kaa chini. Wakaanza. Kila jioni kabla ya chakula, meza ya jikoni, a, e, i, o, u, ba, be, bi, mkono wake mkubwa wa kushika nyundo umeshika penseli ya kijani kama umeshika kifaranga, na mke akikosea, mume hasemi umekosea, anasema rudi ulikotoka, na baada ya mwaka mmoja na nusu akawa anamwandikia sentensi, kila siku sentensi moja mpya, Paka amelala juu ya gunia, Mvua ikinyesha paa huimba, na yeye anasoma kwa kidole, na akimaliza bila kukosea anapiga makofi mwenyewe kama mtoto wa chekechea, na mume anasema, vizuri sana, umepata zote... Kumi na mbili? Kumi na mbili ilishapita. Amepotea tena.

Moja. Mbili.

Hata siku aliyosoma ile karatasi ukutani alianza kwa kujivunia, haya ndiyo mambo ya ajabu ya moyo wa mtu, alisimama pale maabara na ndoo yake ya vifaa na akasema kimoyomoyo leo nasoma, na akasoma, NAMBA TISA, akaenda pembeni na kidole, pana neno refu, akalivunja vipande kama alivyofundishwa, tra, ma, do, li, tramadoli, akalipata, akatabasamu, halafu akakumbuka alishaliona mahali, alilisoma kwenye kipande cha karatasi ya vidonge, ya rangi ya fedha, yenye vishimo vitupu, ndani ya sanduku la misumari la mume wake, alikuwa anatafuta koleo, na alimuuliza, mume akasema ah, hizo za zamani, za maumivu, za hospitali. Lakini mstari uliochorwa mbele ya neno lile haukuwa wa zamani. Mstari ulikuwa unapanda, wiki kwa wiki, halafu katikati umedondoka, Jumatano mbili mfululizo umelala chini kabisa kama mtu aliyezimia, halafu ukainuka tena, na mtaalamu alikuwa amesimama nyuma yake anakunywa chai, binti mpole, miwani mikubwa, akasema, "Eti mama, hizo wiki mbili zinanisumbua, sijui kulitokea nini huko kwenu, mtaa mzima uliamua kuacha halafu ukaghairi?" na akacheka, na yeye naye akacheka, alicheka jamani, kwa sababu yeye peke yake katika dunia nzima alijua kilichotokea wiki hizo mbili, mume wake alikwenda kumzika kaka yake na kukaa matanga, akaondoka Jumatatu na fimbo yake, na akarudi wiki ya tatu, amekonda, na mstari ukarudi pamoja naye. Tatu. Au nne.

"Shangazi, au umelala? Maana kuna watu wanalala wamesimama, wewe utakuwa wa kwanza kulala umechuchumaa."

"Nimepiga magoti, sijachuchumaa."

"Basi omba na mimi humo humo."

Hana ubaya, Mtaimbo, ana mdomo tu, lakini mdomo wake ndio uliomponza mama huyu, wiki mbili zilizopita humu garini alisema, kwa utani wake huo huo, "Shangazi, huko kwenu nani anatafuna vidonge hivyo? Namba yenu imewashinda hata wale wa stendi. Au ni wewe?" na akamtazama kwenye kioo, kumtazama tu, lakini yeye alihisi kama mtu amefungua mfuniko kichwani pake bila kuhesabu sitini. Ndipo Jumatano iliyopita akafanya lile. Hakulipanga, au alilipanga lakini hakujiambia. Kule shimo Namba Nne alichota chupa mbili badala ya moja, akaificha ya pili ndani ya buti la mpira la akiba, na walipofika hapa, Mtaimbo akiwa anabishana kwenye simu na mtu wa matairi, akapiga magoti, akahesabu sitini kamili, hakuruka hata moja, heshima ya kazi, halafu hakuchota kitu, akabandika kibandiko cha Namba Tisa kwenye maji ya Namba Nne na kusema tayari. Na ikawa tayari. Hakuna radi iliyopiga. Na moyoni alikuwa ameshaandaa utetezi, na huo utetezi ndio unaomuuma kuliko dhambi yenyewe, alisema nikikamatwa nitasema sikusoma vizuri, mimi mama wa watu nimejifunzia ukubwani, herufi zinanichezea, samahani binti yangu, na wangeamini, wangemwonea huruma, wangerudisha vibandiko vya rangi, chekundu, cha njano, mama huyu tumsamehe... yaani angeyameza yote yale, jioni zote zile, penseli ya kijani, ba, be, bi, angejifanya kipofu tena ili amfiche aliyemfungua macho. Alijiona mjanja kwa hilo. Alijiona mke mwema.

Mpaka jana. Jana mtaalamu alimkuta koridoni, akamshika mkono kwa furaha, "Mama, hongera, Namba Tisa imetulia! Kesho ikija hivyo hivyo tena, lile gari la ushauri tunalipeleka mtaa wa Namba Mbili, ninyi hamlihitaji." Na yeye akasema, gari gani, ingawa alijua, kila mtu ofisini anajua, lile jeupe lenye pazia, lenye muuguzi ndani, litasimama mtaa mmoja miezi sita, mtu anaingia bila kuulizwa jina, wanampunguzia dawa kidogo kidogo mpaka mwili ukubali, na lipo moja tu, na linakwenda kule ambako maji yanalia zaidi. Mtaalamu akasema, "Sisi hatutafuti mtu, mama, unajua. Humo hakuna jina la mtu. Tunatafuta mtaa tu." Na akaenda zake na chai yake. Hakuna jina la mtu. Hakuna jina kwa nani? Yeye analijua jina, analijua na kikohozi chake, analijua na upande wa kitanda, na ameshalifukuza gari mlangoni kwake kwa mkono wake mwenyewe, kwa chupa ya maji ya watu wengine, alitaka kumfunika mtu kumbe amemfunika kwa mfuniko wa chuma. Tano. Sita. Hapana, sitini imeshapita mara tatu, anajua, hewa mbaya yote imeshatoka, iliyobaki ni ya kwake.

Na hapa buti la akiba limo garini. Na ndani ya buti mna chupa, maji ya Namba Nne, kachota tena leo, ndiyo, usimtazame hivyo, mkono una mazoea yake. Kibandiko hiki kinabanduka kwa ukucha. Kikihamia kwenye ile chupa nyingine jambo limekwisha, mtaa umetulia, Mtaimbo hana la kuuliza, majirani hawana la kunong'ona, gari litakwenda Namba Mbili, na jioni atarudi, meza ya jikoni, daftari, penseli ya kijani, sentensi ya leo...

Sentensi ya leo. Ya juzi ilikuwa ipi? Hajui kwa nini anaiuliza sasa hivi, magoti yanawaka moto, ya juzi ilikuwa Jirani amenunua kuku wawili. Ya kabla yake Dirisha halifungi vizuri. Na ile ya miezi kadhaa nyuma, ngoja, ile ndefu, ile aliyoisoma kwa mkupuo bila kurudi nyuma hata mara moja, alifurahi mpaka akasimama, alizunguka meza, ilikuwa wiki ile mume aliporudi matangani, aliandika muda mrefu siku ile, akasema mwandiko wangu leo mbaya, jitahidi, na akamsogezea daftari na kutazama dirishani, na yeye akasoma kwa kidole na kwa sauti, sauti ya juu, ya kujisikia, Mgongo umepona zamani lakini mimi nimeshindwa kuacha. Hivyo. Alisoma hivyo. Mgo-ngo u-me-po-na. Alisoma neno moja baada ya jingine na kila neno alilipata, za-ma-ni, la-ki-ni, hakukwama hata kwenye ndw, nimeshindwa, lile ambalo lilikuwa likimtesa tangu mwanzo, akalipita kama mtu anavyoruka mfereji, na akapiga makofi! Alipiga makofi mungu wangu! Akasema, umeona, umeona mwalimu, sikukosea hata moja, na mume akageuka kutoka dirishani, akamtazama, alikuwa na uso gani, alikuwa na uso wa mtu aliyepiga hodi akasikia ndani wanacheka, halafu akasema, "Vizuri sana. Umepata zote." Na akafunga daftari. Na yeye akaenda kugeuza chakula mekoni anaimba.

Umepata zote. Alipata zote akakosa moja. Alisoma kila herufi na hakusoma. Miezi anamlaumu mtu kwa kumficha, miezi analala ameupa mgongo ule mgongo, anasema moyoni hata neno moja hukuniambia, mimi mkeo miaka thelathini nikaambiwe na karatasi ya ukutani, na kumbe aliambiwa kwanza, aliambiwa kwa mwandiko wa mkono, kwenye meza yake mwenyewe, kwa njia pekee ambayo mwanamume yule aliweza, akamtengenezea macho halafu akayapa la kusoma, na yeye akajishangilia. Nani mpweke zaidi katika nyumba ile? Yeye alidhani anajua jibu, amelibeba jibu hilo kila asubuhi pamoja na ndoo.

Chini kule maji yanasema. Bomba la upande wa kushoto ndilo la safu ya nyumba zao, anajua mpaka sauti zake, la mama wa mapacha linakuja kwa fujo, mara mbili, la yule mzee wa redio linakuja kwa kikohozi, na sasa, saa kumi na mbili na dakika arobaini, au karibu yake, mume wake anaamka, anashika fimbo, hatua sita mpaka chooni, anashika ukuta, na kutoka pale mpaka hapa maji huchukua kama dakika mbili, aliwahi kuyapima kwa moyo, akiwa peke yake siku moja alipima, alicheka mwenyewe, akasema hii ndiyo barua pekee ninayoletewa na mume wangu siku hizi. Alidhani anatania.

"Shangazi." Mtaimbo ameacha simu. Sauti yake imeshuka. "Kuna nini? Niite mtu? Nije nishike mimi?"

"Kaa hapo hapo. Nipe dakika mbili."

"Mbili za kwako au za watu?"

"Za kwangu."

Dakika mbili. Halafu nini? Halafu jioni. Jioni daftari litafunguliwa, na hajawahi hata siku moja kuandika sentensi yake mwenyewe, anaandika za kunakili tu, mwalimu anaandika na yeye anafuata chini yake kama mtoto anayefuata nyayo, lakini herufi anazo, zote anazo, alipewa zote, atachukua penseli ya kijani kabla mume hajaishika na ataandika kwanza yeye, ataandika nini, gari linakuja, twende wote, hapana, hiyo ndiyo ya pili, ya kwanza ni fupi, ni neno moja, anajua linavyoandikwa, ni, me, so, ma, Nimesoma, atalisogeza mezani na kutazama dirishani, na ampe muda mtu asome. Na kama asiposema kitu? Basi atakaa. Atakaa mpaka chakula kipoe. Na Mtaimbo akiuliza nani, atasema ndiyo, kwetu, unataka kujua na nini kingine, nikupimie maji ya kwenu? Na binti wa miwani ataambiwa leo leo, Jumatano iliyopita ilikuwa ya uongo, na si kwa kutojua kusoma binti yangu, nilisoma vizuri sana, andika hivyo, alisoma vizuri sana. Huenda wakamtoa kazini. Huenda. Na mbona kifua chepesi.

Bomba la kushoto linanguruma kwa mbali. Anainamisha fimbo yenye kopo mpaka juu ya maji na kulishikilia hapo, halijagusa, bado, na kwa mkono mwingine anainua chupa mbele ya macho, karibu, kidole kwenye kibandiko.

"Umechota?"

"Bado. Nasoma."

Basi mwacheni asome, na mimi naondoka kwa ncha za vidole, si adabu kumsimamia mtu anapongoja maji ya nyumbani kwake. Bakini kimya hivyo hivyo, nitapita tena hapa taa ya jikoni ikishawashwa, nione nani ameshika penseli.